Shemeji Alijibu Hapana

Kama figo zako zimelala, na sasa umekaa kwenye chumba cha kungojea ukitazama mlango ambao muuguzi atatokea na kulitamka jina lako vibaya, haya nimeyaandika kwa ajili yako. Ugonjwa wenyewe sitakueleza. Daktari atakuchorea figo kwenye karatasi hata kama hukumwomba. Nitakueleza yale ambayo hayachorwi. La kwanza ni hili: watu watakuambia kwamba hasira inamuua mgonjwa. Mimi hasira ilinilisha wakati chakula kilinishinda.

Naitwa Béatrice. Nyumbani wananiita Ya Béa, yaani dada Béa. Nilizaliwa Kalemie kule Kongo, nikakulia kwenye harufu ya samaki, nikazeekea Brussels nikiendesha tramu. Naandika kwa Kiswahili tulichofundishwa shuleni, lakini nyumbani kwetu, mtaa wa Etterbeek, tunasema kile kingine cha Katanga, na utakisikia humu watu wakifungua vinywa.

Mume wangu Anselme alikuwa mlinzi wa majengo ya ofisi kule Schuman. Tulistaafu karibu pamoja. Mdogo wake, Déo, fundi wa magari, alistaafu baada yetu, na jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kununua boti kuukuu yenye injini ndogo na kuifunga kwenye mfereji, kaskazini mwa jiji, ambapo wastaafu wengine hufunga zao. Boti haikuwa na karatasi hata moja, wala bima. Aliipaka rangi ya bluu, akaitafutia mito ya kukalia, akawa anaisimulia kama watu wengine wanavyosimulia wajukuu.

Nilimpenda Déo wakati ule. Alikuwa ananichekesha. Siku moja alitupa nanga majini kwa mbwembwe kubwa, kumbe hakuifunga kamba. Siku nyingine injini ilizimika katikati ya mfereji tukavutwa hadi ukingoni na wasichana wa kayaki, yeye akiwapungia mkono kama mfalme. Samaki wa pale hatukuwala. Tuliwavua, tukawatazama, tukawarudisha, kisha jioni tukaenda kununua wa kula kwa muuza samaki. Hayo ndiyo yalikuwa maisha ya uzeeni, na sikuwa na lalamiko.

Mwishoni mwa Agosti Anselme alikwenda Lubumbashi kwa habari ya kiwanja chetu. Déo akanipigia simu: jua linawaka, twende. Tulikwenda wawili. Kabla ya saa sita akanasa sandre, samaki wa meno makali ambaye wavuvi wa hapa humwota, na badala ya kumvuta akiwa amekaa, akasimama. Wakati huohuo tishari la mchanga lilikuwa linapita. Wimbi lake halikuwa kubwa. Lilitosha.

Nilipozama nilimeza maji yenye ladha ya mafuta na matope. Nilijikwaruza muundi wa mguu kwenye mawe ya ukingo, na mwanamume aliyekuwa akipita na baiskeli ndiye aliyenivuta mkono. Tulipokaa kwenye nyasi, tumelowa chapachapa, tulicheka mpaka mbavu zikauma.

"Ya Béa," Déo akasema akikamua shati, "tafazali, usiambie muntu. Boti haina papiers. Police bakiyua, bataikamata."

"Nitaambia nani?" nikamjibu. "Samaki?"

Wiki moja baadaye sikuweza kuinua kichwa kutoka kwenye mto. Homa iliingia kama mtu anayevunja mlango. Misuli ya nyuma ya miguu iliuma hata shuka ilipoigusa. Macho yakawa mekundu, kisha yakawa ya njano. Clarisse, binti yetu pekee, anakaa Liège, na sikutaka kumshtua. Nilimpigia Déo. Alikuja mbio, hilo simnyimi, akanibeba ngazi zote hadi garini.

Hospitalini walinilaza kwenye kitanda cha magurudumu, kwenye korido, na kutoka hapo nakumbuka vipande tu. Nakumbuka taa za darini. Nakumbuka mama mmoja wa Kimoroko aliyeniwekea kitambaa chenye maji kwenye paji la uso bila kuniuliza jina. Sikuweza kuunganisha maneno matatu. Basi daktari akamuuliza aliyenileta.

Alimuuliza kama nimetoka Afrika. Déo akasema mume wangu yuko Kongo sasa hivi. Hilo lilikuwa kweli, na likawapeleka wote kwenye malaria, kana kwamba nami nimetoka huko. Kisha daktari akamuuliza: je, amegusa maji ya mto, ya bwawa, ya mfereji?

"Hapana," Déo akajibu.

Kesho yake, vipimo vya malaria vilipotoka safi, daktari mwingine alimuuliza swali lilelile. Déo akajibu lilelile. Mimi wakati huo nilikuwa nimeacha kukojoa.

Clarisse alifika siku ya tatu. Alikwenda nyumbani kuniletea nguo za kulalia, na kwenye roshani akakuta viatu vyangu vya ngozi vimejazwa magazeti, vimekauka na kupinda, vinanuka tope. Alirudi navyo kwenye mfuko. Akanisogezea kimoja mbele ya uso.

"Maman, uliendaka wapi na hii?"

Homa ilikuwa imenipa nafasi kidogo. "Canal," nikamwambia. "Nilianguka na Déo."

Alitoka mbio. Niliisikia sauti ya daktari koridoni, ikipanda. Tulimuuliza yule bwana, alisema. Tulimuuliza mara mbili.

Dawa yangu ilikuwa kwenye kabati la hospitali siku zote hizo. Ni dawa ya kawaida. Panya hukojoa kwenye maji ya mfereji, mtu ana kidonda, basi, ugonjwa unaingia, na ukiwahiwa unatoka. Mimi sikuwahiwa. Damu ilisafishwa, homa ikashuka, njano ikafifia, lakini figo hazikuamka. Wakanitia mrija shingoni na kuniambia kwamba nitakuja mara tatu kwa wiki kuunganishwa na mashine, mpaka figo ziamke, au mpaka tukubali kwamba haziamki.

Nilirudi nyumbani majani yakianza kuanguka. Kwenye kioo cha lifti nilimwona bibi kizee mwenye shingo nyembamba kama ya kuku aliyenyonyolewa. Nywele zilitoka kwa vishungi. Ngozi iliwasha usiku na mchana. Sombe, yaani kisamvu, marufuku, ndizi marufuku, nyanya marufuku, samaki mkavu usimtaje. Maji yalipimwa kwa glasi. Nilijifunza kunyonya kipande cha barafu polepole kama mtoto na pipi, na nikamfikiria Déo kwa kila kipande.

Anselme alikuwa amerudi. Aliitisha kikao cha familia sebuleni kwetu, Jumapili baada ya misa. Déo alikuja na kikapu cha matunda ambayo sikuruhusiwa kuyala hata moja. Akapiga magoti kwenye zulia.

"Ya Béa, niliogopa. Ile boti ni kintu moya tu niko nayo tangu pension. Nilisema badocteur batavumbula benyewe."

"Na siku ya pili?" Clarisse akauliza. "Juu ya nini ulisema non tena?"

Déo alisema tu kwamba ukishasema hapana mara ya kwanza, ya pili inatoka yenyewe.

Binamu zao wakapendekeza faini ya kimila: mbuzi, vitenge, kinywaji. Anselme akaniangalia kwa macho ya kuomba.

"Béa, ni mutoto wa mama yangu."

"Na mimi ni wa nani?"

Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu hospitalini, nikiwa nimelala chali, na niliyatoa moja moja. "Sitaki mbuzi. Sitaki bitenge. Nataka ukuye na miye ku dialyse, ku ile mashine. Kila mara. Tangu banaanza mpaka banamaliza. Utakaa pembeni yangu, utaangalia."

Déo akawa wa rangi ya majivu. Familia yote inajua kwamba mtu huyu hawezi kutazama damu. Kuku akichinjwa, yeye hutoka nje. Kumchuna kambale hawezi, ndiyo maana aliwarudisha samaki wake wote majini.

"Unataka kumuua ndugu yangu," Anselme akasema.

"Hapana. Nataka aone."

Siku ya kwanza, muuguzi alipofungua mrija na damu yangu ikaanza kuzunguka kwenye mipira ya plastiki, nyeusi upande mmoja na nyekundu upande wa pili, Déo aliteleza kutoka kwenye kiti kama koti lililoanguka. Walimletea maji ya sukari. Nikamwambia akishapona arudi kwenye kiti. Nisikudanganye, wewe unayesoma: nilisikia raha. Ilikuwa raha ya kwanza tangu Agosti, na niliishika kwa mikono miwili.

Kwenye kiti cha upande wa pili alikaa padri mzee, Mbelgiji, mgonjwa wa mashine kama mimi, aliyetumikia miaka mingi Katanga akarudishwa kwao alipozeeka. Kiswahili chake kilikuwa cha vitabu, kimenyooka, na kila neno lilivikwa viatu. Hakuwa na ndugu aliyebaki. Nilitazamia atanihubiria msamaha. Wote walikuwa wananihubiria: masista wa kwaya, jirani wa ghorofa ya chini, hata muuza samaki. Nilimsimulia mambo yote huku Déo akisikiliza, kichwa chini. Padri akanigeukia.

"Mama Beatrisi," akasema, "usiharakishe. Nimesikia maungamo maisha yangu yote. Waliosamehewa upesi walirudi na dhambi ileile."

Kutoka siku ile nilimpenda kama baba.

Niliongeza adhabu. Chumba kile kina desturi: mgonjwa mpya akiingia, mtu atamuuliza mwenzake, wewe ilikuwaje? Wakiniuliza mimi, sikujibu. Nilimgeukia shemeji yangu. "Baeleze." Naye ilimbidi aseme kwa Kifaransa, mbele ya watu walio na mirija, kwamba waliniuliza maji, na yeye akasema hapana. Mwanzoni sauti yake ilikuwa ya mtu anayeongea ndani ya mto. Aliieleza kwa dereva wa teksi aliyepoteza mguu, kwa mwalimu wa piano, kwa mama mmoja wa Kirusi aliyetaka arudie sehemu ya boti. Msimu wa kuvua ulipita, boti imefunikwa turubai. Maua ya sikukuu ya Watakatifu Wote ya Novemba yakajaa mbele ya maduka. Déo akakonda. Nilimwona anakonda, nikanenepa moyoni.

Nyumbani hali ilikuwa mbaya. Anselme aliacha kuzungumza nami mezani. Alipika bila chumvi kama nilivyoagizwa, akaweka sahani mbele yangu, akaenda kula jikoni amesimama. Siku moja alisema, akiwa amenipa mgongo, "Huyu mwanamuke simuyui." Nilimwambia hata mimi simjui, ila ndiye aliyebaki hai. Alilia. Nilikwenda nikamshika bega, na tangu siku hiyo alirudi mezani.

Kumbe adhabu nayo huoza ukiiweka muda mrefu. Karibu na sikukuu ya Mtakatifu Nikola, mwanzoni mwa Desemba, niligundua jambo lililonichoma kuliko sindano. Déo alikuwa amezoea damu. Si hivyo tu: alikuwa amezoeleka. Wauguzi walimpa kahawa. Mwalimu wa piano alimwomba amkune mgongo mahali asipofika. Dereva wa teksi alicheka naye mpaka mashine yake ikapiga kelele. Na padri wangu, padri wangu mwenyewe, alikuwa anamsubiri ili wazungumzie samaki wa mto Lualaba. Nilikuwa nimemjengea mtu jela, naye ameigeuza kijiwe.

"Déo," nikamwambia tulipokuwa kwenye lifti, "kesho kutwa usikuye tena."

Aliniangalia kama mtu niliyemzaba kofi. "Nimefanya nini?"

"Hapana kitu. Nimechoka kukuona."

"Ya Béa, niache nikuye tu. Tafazali."

Hapo ndipo nilipojua kwamba nimepapata penyewe panapouma. Kule kwenye zulia aliomba kwa woga. Sasa aliomba kwa kutaka. Nikamnyima, na nilikwenda hadi kituo cha basi nikitembea vizuri kuliko siku zote za majira yale.

Siku ya mashine iliyofuata nilikaa kwenye kiti changu peke yangu, nimeridhika. Mlango ukafunguka. Déo akaingia, koti mkononi, akapita mbele yangu bila kunitazama, akavuta kiti upande wa pili wa padri na kunipa mgongo.

"Nimekuya kwa mon Père," akamwambia muuguzi. "Mwenyewe ameniita."

Nilimtazama yule mzee. Alikuwa amefumba macho, anatabasamu kama paka aliyekula samaki wa watu.

"Mon Père, na wewe?" nikamwambia. "Ulisema nisiharakishe."

"Wewe usiharakishe, Mama Beatrisi," akajibu. "Lakini mimi sina muda."

Ilikuwa kweli. Mwili wake ulikuwa umeanza kuikataa mashine. Katika baridi ile ya Desemba Déo alimsomea magazeti, akamfunika miguu, akambishia kuhusu kambale na sangara kwa sauti ya chini. Mimi niliwasikiliza nimegeukia ukuta. Nilikuwa na wivu. Sijui nilimwonea wivu nani kati yao.

Mwanzoni mwa Januari, asubuhi ya theluji nyembamba, nilisikia jambo nililokuwa nimelisahau. Nilikwenda chooni kwa mazoea tu, nikakaa, na kitu kikatoka. Kidogo, cheusi kama chai ya jana, lakini kilikuwa mkojo wangu. Nikapiga kelele. Anselme alikuja mbio na sabuni ya kunyolea usoni akifikiri nimeanguka. Tukasimama wawili juu ya choo tukitazama kama watu waliookota dhahabu. Kama unangoja asubuhi hiyo, nakuombea ikufikie. Na kama haikufikii, kuna watu wenye mashine wanaoishi miaka mingi, wanaocheka, wanaooana. Nimekaa nao, nawajua.

Wakanipunguzia: mara mbili kwa wiki, kisha mara moja. Padri hakuniona nikimaliza. Nilifika Ijumaa moja nikakuta kiti chake kimetandikwa shuka safi, na Déo amesimama kando ameshika gazeti lililokunjwa. Hakuna aliyempigia simu kumwambia, maana hakuwa ndugu. Alikuja kama kawaida.

Nilitaka kusema neno zuri. Lilipanda mpaka kooni, likakutana na lile "hapana" la koridoni, likarudi chini. Nikamwambia tu, "Kaa. Usisimame kama mungojea basi." Akakaa mpaka mashine yangu ilipozimwa.

Mrija wa shingoni ulitolewa kabla ya Kwaresima. Umeniachia kovu dogo ambalo skafu hulificha. Nachoka upesi, sinywi pombe, na daktari hunipima damu kila baada ya miezi michache. Boti Déo aliiuza kwa mstaafu mwingine, kwa hiari yake. Hakuniambia, nilisikia kwa Anselme. Kwenye sikukuu za familia tunakaa meza moja. Yeye hunipakulia kwanza. Mimi hupokea na kula.

Wengi huniuliza kama nimesamehe, kwa kuwa wamesikia kwamba asiyesamehe haponi. Nilipona kwanza. La pili bado, na sijui kama litakuja. Wewe mgonjwa usibebeshwe mzigo huo juu ya ule wa mashine. Ukiweza kusamehe, vizuri. Usipoweza, kunywa dawa zako, fuata vipimo vyako, ishi.

Mwezi uliopita nilikwenda kupimwa. Nilipita mbele ya chumba chetu cha zamani, na mlango ulikuwa wazi. Déo alikuwemo. Nilijua kwamba bado anakwenda, Anselme alinidokeza, lakini sikuwa nimemwona kwa macho. Alikuwa anamsaidia mama mmoja mzee wa Kihabeshi kuvaa koti baada ya mashine, taratibu, mkono wenye plasta kwanza. Yule mama aliniona nimesimama mlangoni, akanitabasamia, akaniambia kwa Kifaransa chake cha taabu:

"Huyu baba ni mtu mwema sana. Unamjua?"

"Namjua," nikamjibu. "Mimi ndiye mgonjwa wake wa kwanza."

Déo alisikia. Hakuinua kichwa. Aliendelea kumfunga yule mama vifungo, kimoja kimoja, mpaka cha shingoni.